Elimu ya Sheria Katika Njia Panda ya Makambako

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na mpaka wa Zambia hutoa hapo tawi liendalo kusini, Njombe na Songea. Na reli ya TAZARA hupita hapo pia. Mtu atakaye habari za nchi hana haja ya kuzifuata mbali. Na aketi tu katika stendi ya mabasi, au mbele ya duka lenye redio, habari zitamjia zenyewe. Miongoni mwa sauti zisikiwazo hapo siku hizi ni sauti za maprofesa wa sheria. Husikiwa wakieleza Katiba, wakipima mikataba ya serikali, wakifasiri hukumu za mahakama, na wakijibu maswali ya watangazaji kwa Kiswahili fasaha. Wachuuzi wa parachichi husikiliza, madereva wa malori husikiliza, na wenye mashamba ya viazi wangojao basi la Njombe husikiliza.

Jambo hili ni jema, na asiyelishukuru hana shukrani. Elimu ya chuo kikuu ilikaa chuoni kwa muda mrefu kama maji ya kisima kilichofunikwa. Mwenye elimu aitoaye hadharani kwa lugha ya watu huilipa nchi sehemu ya deni lake, kwa maana kodi ya mkulima imo katika kila tofali la madarasa aliyosomea. Lakini kulipa sehemu si kulipa deni lote, na katika deni hili sehemu iliyobaki ni kubwa kuliko sehemu iliyolipwa.

Profesa wa sheria ana kinywa na ana kalamu. Kinywa chake husema Kiswahili. Kalamu yake huandika Kiingereza. Kalamu ikiandika makala ya kitaalamu, maandishi hupelekwa kwa wahakiki. Hoja isiyo na ushahidi hurudishwa, rejeo lililokosewa husahihishwa, neno lililozidi hukatwa. Kinywa kikisema redioni, hakuna ahakikiye. Mtangazaji ana dakika chache, msikilizaji hana kitabu mkononi, na profesa mwenzake aliye tayari kumpinga hayupo chumbani. Kwa hiyo umetokea mgawanyo wa ajabu: hoja iliyopimwa hupewa wasomaji wachache wa Kiingereza, na aghalabu wasomaji hao wako Ulaya na Marekani, kauli isiyopimwa hupewa watu wa Makambako. Unga uliochekechwa hupelekwa kwa mgeni, na wenye shamba huachiwa pumba.

Haisemwi hapa kwamba maprofesa hao husema uongo redioni. Wengi wao husema kweli, na baadhi yao wamesema kweli palipokuwa na hatari ya kuisema. Linalosemwa ni kwamba kweli isemwayo kwa mdomo tu haiwezi kushikwa. Mkulima hawezi kuipeleka mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya akasema, tazameni, hivi ndivyo mtaalamu alivyoandika. Mwanafunzi hawezi kuirejelea katika tasnifu yake. Mpinzani hawezi kuijibu neno kwa neno. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na elimu ni mali ipitayo mali nyingine zote.

Mfano wa ardhi watosha kuonyesha hasara hii. Katika Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Iringa mwaka 2012, ardhi ndiyo mama wa riziki. Huko hulimwa mahindi, viazi mviringo na chai. Miwati imestawi tangu kampuni ya Tanganyika Wattle ilipoanza kazi mwaka 1949. Na katika miaka ya karibuni paini na parachichi vimeipandisha bei ya ardhi. Wanunuzi hutoka vijiji vya jirani, hutoka Dar es Salaam, na wengine hutoka nje ya nchi. Shamba ambalo mzee wa Kibena aliliacha lipumzike miaka kadhaa, ili udongo upate nguvu, sasa hutazamwa na macho mengi.

Habari ya sheria ya shamba hilo ina mwanzo wake. Mwaka 1991 iliundwa Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, na mwenyekiti wake alikuwa Profesa Issa Shivji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tume ilizunguka nchini, ikaketi na wanavijiji, ikasikiliza malalamiko yao. Waliosema walisema kwa Kiswahili. Tume ikapendekeza mambo mazito, mojawapo likiwa kwamba ardhi ya vijiji iwe chini ya mikutano mikuu ya vijiji, wala isishikwe na mkono wa serikali kuu. Serikali haikuyakubali mapendekezo mengi. Juzuu ya kwanza ya taarifa ya Tume ilichapishwa mwaka 1994 kwa ushirikiano na taasisi ya utafiti iliyoko Uppsala, nchini Sweden; nayo ilikuwa kwa Kiingereza. Maneno yaliyotoka vinywani mwa wanakijiji yalisafiri hadi Ulaya ya Kaskazini, na yaliporudi yalikuwa yamevaa nguo ambayo wenyewe hawakuweza kuitambua.

Haki yataka isemwe pia kwamba Profesa Shivji si mtu wa kuhesabiwa miongoni mwa waliolala. Ameandika kwa Kiswahili mara nyingi, na alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa HAKIARDHI, taasisi iliyozaliwa mwaka 1994 ili kuwafikishia wanavijiji elimu ya haki zao za ardhi. Zanzibar nako, marehemu Profesa Haroub Othman na wenzake walianzisha Kituo cha Huduma za Sheria mwaka 1992. Mifano hii huongeza uzito wa lawama, haiupunguzi. Huonyesha kwamba kazi hii yawezekana, na kwamba walioitenda waliitenda kwa moyo wao wenyewe, pembeni mwa kazi iliyohesabiwa na chuo.

Basi, mwaka 1999 Bunge lilitunga sheria mbili: Sheria ya Ardhi, Na. 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5. Zote zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Sheria ya kwanza ilieleza ardhi ya jumla kuwa ni ardhi yote ya umma isiyokuwa ya hifadhi wala ya kijiji, kisha ikaongeza kwamba ndani yake imo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Sheria ya pili ilitoa maana hiyohiyo bila ya nyongeza ile. Maneno yaliyozidi upande mmoja ni machache, lakini uzito wake ni mkubwa. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya macho ya mkutano mkuu wa kijiji. Ardhi ya jumla husimamiwa na Kamishna wa Ardhi. Je, shamba la mzee yule lililopumzishwa limo katika mikono ipi? Linatumiwa, kwa kuwa kupumzisha udongo ni sehemu ya kilimo? Au halitumiwi, kwa kuwa halina mazao mwaka huu?

Maprofesa wa sheria wanaijua tofauti hii. Wameiandika, wameijadili, wameonyesha hatari yake. Msomi wa London au Chicago ashughulikaye na ardhi ya Afrika anaweza kuisoma katika maktaba yake. Mzee mwenye shamba, aliyeamka alfajiri katika baridi na ukungu wa Njombe, hana pa kuisoma. Vivyo hivyo yako masharti mengine. Sheria ya vijiji husema kwamba ardhi itakiwayo kuhamishwa kutoka kijiji, ikiwa haizidi hekta 250, haihami mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Ikizidi hapo, mkutano hutoa mapendekezo na Waziri huamua. Sheria hiyohiyo hubatilisha mila imnyimayo mwanamke haki ya kumiliki na kutumia ardhi. Yuko mjane aliyefukuzwa katika shamba la marehemu mume wake akaenda kimya, kwa sababu tu hakuna aliyempa maandishi ya kuwasomea mashemeji. Aliwahi kusikia jambo hilo redioni siku moja. Lakini shemeji naye alisikia jambo jingine redioni siku nyingine.

Watetezi wa hali iliyopo wana majibu matatu, na yafaa yasikilizwe moja moja.

Jibu la kwanza ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya sheria. Jibu hili ni la ajabu kuliko yote. Neno sheria lenyewe, na haki, hukumu, shahidi, wakili, dhamana, rehani, mirathi, wasia na mkataba, yalikuwa yakitumiwa na makadhi na wafanyabiashara wa pwani kabla ya chuo kikuu chochote kujengwa katika Afrika ya Mashariki. Kitivo cha Sheria ndicho kilichokuwa kitivo cha kwanza cha chuo cha Dar es Salaam, mwaka 1961; na mkuu wake wa kwanza, A. B. Weston, ambaye Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, aliandika juu ya sheria katika Kiswahili mwaka 1965 na akashiriki kukusanya istilahi za sheria kwa lugha hiyo. Mwalimu Nyerere alipotoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare mwaka 1969, akauita Mabepari wa Venisi, alipita katika kisa chote cha deni, rehani, hati na hukumu bila ya kukwama. Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilitoa rasimu mbili mwaka 2013, na nchi nzima ikabishana juu ya muungano, madaraka na haki za binadamu kwa Kiswahili. Ndani ya Tume ile alikuwamo profesa wa sheria, Palamagamba Kabudi. Lugha iliyoweza kubeba Katiba ya nchi haiwezi kushindwa kubeba makala ya kurasa ishirini.

Jibu la pili ni kwamba sheria ya Tanzania ilitoka Uingereza, hukumu za zamani ziko kwa Kiingereza, na mwanasheria apaswa kuzungumza na wenzake wa dunia. Hili lina kweli ndani yake. Hakuna anayetaka Kiingereza kifukuzwe vyuoni. Lakini kuzungumza na dunia si sababu ya kunyamaza nyumbani. Mfaransa huandika sheria kwa Kifaransa, Mjerumani kwa Kijerumani, na Mjapani kwa Kijapani. Kisha wakitaka kusikiwa mbali, hutafsiri. Kwao lugha ya nyumbani ni asili na lugha ya nje ni nakala. Hapa asili huenda nje, na nyumbani haiji hata nakala.

Jibu la tatu husemwa kwa sauti ya chini, nalo ndilo la kweli kuliko mengine: makala ya Kiswahili hayampandishi mtu cheo. Kamati za vyuo hupima kazi kwa majarida, na majarida ya sheria yenye jina ni ya Kiingereza. Hata jarida la nyumbani, Eastern Africa Law Review, lililoanza mwaka 1968, limesema Kiingereza. Mhadhiri kijana mwenye watoto na karo ya kulipa hawezi kulaumiwa kwa kufuata njia yenye mshahara. Lakini ni nani wakaao katika kamati hizo? Si wageni. Ni maprofesa walewale wasikiwao redioni wakiisifu lugha ya taifa. Aliyeshika mizani asilalamike kwamba mizani imepinda.

Na sasa udhuru wa mwisho umeondolewa na sheria yenyewe. Tarehe 1 Februari 2021, katika sherehe za Siku ya Sheria mjini Dodoma, Rais John Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kutoka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili katika Kanda ya Musoma. Mwezi huohuo Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama, Kiingereza kikibaki kwa pale ambapo haki itakihitaji. Kabla ya hapo, mahakama za mwanzo ziliendeshwa kwa Kiswahili, lakini baraza la wilaya la ardhi na nyumba lilipaswa kuandika kumbukumbu na hukumu zake kwa Kiingereza, hata kama wadai wote wawili walitoka kitongoji kimoja cha Njombe. Leo hakimu ameamriwa kuandika kwa Kiswahili. Je, akitaka kitabu cha kumwongoza, kitabu cha mikataba, cha ushahidi, cha makosa ya madai au cha ardhi, kilichoandikwa kwa Kiswahili na profesa aliyebobea, akitafute rafu ipi? Ameamriwa kuvuka mto, na waliosomea kujenga madaraja wako ng'ambo wakijenga mengine.

Hatari ya jambo hili ilionekana mwaka 2023. Bunge liliporidhia mwezi Juni mkataba wa Tanzania na Dubai juu ya bandari, nchi ilishikwa na mjadala mkali. Maprofesa na madaktari wa sheria walisimama pande mbili, na sauti zao zilifika kila kituo cha basi. Shauri likafunguliwa katika Mahakama Kuu, Mbeya, na tarehe 10 Agosti likatupwa. Mtu wa Makambako alikuwa na kila sababu ya kufuatilia: mzigo upitao mbele ya mlango wake hutoka katika bandari ileile, na Mbeya ni mbele kidogo katika barabara yake. Lakini alipewa nini? Alipewa mkataba wa Kiingereza ambao hakuweza kuusoma, na kauli za wataalamu zilizopingana, kila moja ikiwa na sauti ya uhakika. Hakupewa uchambuzi wa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, uliohakikiwa na wenzake mwandishi, ambao angeweza kuuketia na kuamua mwenyewe. Basi akafanya afanyavyo mtu yeyote aliyenyimwa mizani: akachagua sauti iliyompendeza. Taifa linalozoea kupima sheria kwa utamu wa sauti halitachelewa kupata viongozi wenye sauti tamu na sheria chungu.

Lawama hii isiishie katika nyumba ya sheria. Walimu wa Kiswahili nao wana sehemu yao. Wamethibitisha kwamba usomi wawezekana kwa lugha hii, kwa maana tasnifu za uzamivu huandikwa kwa Kiswahili Dar es Salaam, na majarida kama Mulika na Kioo cha Lugha huzihakiki makala zake kwa ukali usiopungua ukali wa Kiingereza. Lakini mara nyingi wamekaa katika ushairi, riwaya na sarufi, wakimngojea mwanasheria abishe hodi. Istilahi haiundwi na mngojaji. Huundwa na watu wawili walioketi meza moja, mmoja akijua jambo na mwingine akijua neno. Mzee wa Kibena naye awe na nafasi katika meza hiyo, kwa kuwa Kiswahili chake ni lugha ya pili baada ya Kibena, na neno asiloweza kulielewa yeye bado halijapikwa likaiva.

Lililo la kufanya si gumu. Kila makala ya sheria yahusuyo maisha ya Tanzania, yakishachapishwa kwa Kiingereza, yatolewe na mwandishi yuleyule kwa Kiswahili, yahakikiwe upya, na yahesabiwe na kamati za vyeo kwa uzito uleule. Kila profesa aeleze sheria redioni, kisha maelezo yake yaandikwe na yawekwe mahali ambapo yaweza kusomwa na kupingwa. Vyuo vifundishavyo sheria Iringa, ambavyo ni jirani wa Njombe kuliko Dar es Salaam, vinaweza kuanza na vijitabu vitatu tu: ardhi ya kijiji, mirathi, na mikataba ya mauzo ya mazao. Watakaohitaji fedha wakumbuke kwamba safari moja ya ndege kwenda mkutanoni ng'ambo yatosha kuchapisha vijitabu vingi.

Asemaye kwamba mambo haya ni madogo na aende Makambako siku ya soko. Atamwona mkulima ameshika karatasi ya mauziano ya shamba, akiuliza hapa na pale ni nani awezaye kumweleza imefunga nini na imefungua nini. Redio juu ya kichwa chake ikisema, atainua macho kidogo, kisha atayarudisha katika karatasi. Anajua kwamba redio itazimwa jioni, na kwamba karatasi ndiyo atakayokwenda nayo nyumbani.